Wino gani kwa kadi ya kiume ya mtindo wa kale? Aina nne na kazi zake

Kadi ilikuwa ya mjomba wangu, aliyekuwa anatimiza miaka 60. Nilichukua muhuri wa baiskeli ya kizamani, ile yenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, nikaugonga kwa wino mweusi juu ya manila nyeupe. Mchapo ulitoka safi. Kila spoku ilihesabika. Kisha nikachovya brashi kwenye maji, nikagusa rangi ya kahawia na kuipitisha juu ya tairi. Wino mweusi ukaamka. Spoku zikayeyuka moja baada ya nyingine, na kufumba na kufumbua gurudumu likawa wingu la kijivu. Muhuri ulikuwa mzuri na karatasi ilikuwa nzuri. Wino ndio haukuwa wa kazi ile.

Wengi wanaoanza kutengeneza kadi za baba, babu, kaka au mume huhangaika na picha: saa ya mnyororo, dira, ufunguo, ramani, meli ya matanga, miwani, taipureta, gari la zamani. Picha hazisumbui kihivyo. Kinachosumbua ni kwamba kadi ya namna hii kwa kawaida haina utepe, maua wala vumbi la kumetameta la kufunikia dosari. Ina karatasi, mchapo mmoja au miwili, na maneno machache. Wino ndio unaobeba kila kitu, kuanzia makali ya mstari hadi sura ya uzee. Kwa hiyo ukikaa mbele ya pedi za wino hujui ushike ipi, jiulize kwanza: nikishagonga muhuri, nini kinafuata juu ya karatasi hii? Maji? Rangi? Unga wa kuyeyushwa kwa joto? Au hakuna?

Vigezo nilivyotumia

Nimezipima aina zote nne za wino (mwepesi wa kawaida, wa kuchakaza, wa pigmenti na wa kudumu) kwa mambo matano. La kwanza ni mstari: je, mistari myembamba ya gia za saa au majina madogo ya ramani yanabaki makali? La pili ni maji na rangi: nini kinatokea ukipaka kitu juu ya mchapo. La tatu ni kukauka. La nne ni uzee, maana yake uwezo wa wino kuifanya karatasi mpya ionekane imekaa kabatini miaka mingi. La tano ni usafi na kudumu: muhuri unasafishikaje baada ya kazi, na kadi itakuwaje ikisimama kwenye mwanga.

Karatasi niliyoifikiria ni manila isiyong'aa ya gramu 200 hadi 300. A4 ikikatwa katikati na nusu yake kukunjwa, unapata kadi ya A6, sentimita 10.5 kwa 14.8. Kipande cha mbele ninachogongea muhuri huwa nakikata kidogo zaidi, 9.5 kwa 13.8, ili ukingo wa kadi uonekane pande zote kama fremu.

Kigezo cha uzee kinahitaji maelezo, kwa sababu hapo ndipo kadi nyingi zinaposhindwa. Mtu anapaka kahawia kila mahali halafu anashangaa kadi inaonekana chafu, haionekani ya kale. Karatasi ya massa ya mbao ina lignini, dutu ya asili inayoupa mti ugumu, na lignini ikikutana na mwanga na hewa hugeuka njano, kisha kahawia. Hewa huanzia pembeni, ndiyo maana kingo hutangulia kuiva na katikati hubaki peupe. Fungua kitabu chochote kikuukuu uone: ukurasa una giza kandokando na nuru katikati. Maandishi nayo yana historia yao. Wino uliotumika Ulaya kwa karne nyingi ulitengenezwa kwa chumvi ya chuma na tanini ya mimea. Ulikuwa mweusi siku za uandishi, na kwa muda mrefu umegeuka kahawia. Picha za sepia zilipata rangi yao pale madini ya fedha yaliyokuwa kwenye picha yalipogeuzwa kuwa salfidi ya fedha, na jina lenyewe limetoka kwa dome, yule ndugu wa ngisi ambaye wino wake ulitumika kuchorea. Ukiyajua haya unajua pa kupaka na pa kuacha: kingo ziwe nzito, katikati pawe pepesi, kahawia iliyoiva ichukue nafasi ya nyeusi, na madoa machache ya unyevu yakae pasipopangika.

Wino mwepesi wa kawaida

Huu ndio uliomo kwenye pedi nyingi za kuanzia. Rangi yake imeyeyuka kabisa ndani ya kimiminika, kama rangi ya kutilia nguo, na ukigusa karatasi huzama kwenye nyuzi.

Mstari: mzuri kwenye karatasi laini. Kwenye karatasi inayonyonya sana, mstari hunenepa kidogo, na herufi ndogo zinaweza kuzibika.

Maji na rangi: hapa ndipo nilipoponzwa. Pedi nyingi za aina hii haziyapendi maji kabisa. Lakini zipo zilizotengenezwa kuvumilia kalamu za rangi zenye spiriti, na Memento ndiyo inayotajwa sana kwa kazi hiyo: unagonga, unaacha ukauke, unapaka kalamu ya spiriti juu yake na mstari hautikisiki. Penseli za rangi nazo hazina shida.

Kukauka: haraka, kwa kawaida ndani ya dakika. Sifa hii ni kubwa kwa mtu mwenye haraka au mwenye mikono inayogusagusa.

Uzee: wa wastani. Ukitaka kuusugua kwenye kingo kwa sponji, unakauka kabla hujausambaza vizuri na kuacha michirizi. Lakini mchapo wake ukigongwa mara ya pili bila kurudi kwenye pedi hutoka hafifu, na mchapo hafifu wa ramani au stempu ya posta nyuma ya picha kuu unapendeza sana. Huo ndio ufundi wa bei nafuu kuliko wote.

Usafi na kudumu: kitambaa chenye unyevu kinatosha kusafisha muhuri. Kadi ikisimama dirishani, rangi itapauka kadiri miezi inavyopita. Ndani ya bahasha au albamu haina tatizo.

Unamfaa anayeanza, anayetengeneza kadi nyingi kwa mpigo, na anayepaka rangi kwa kalamu za spiriti.

Wino wa kuchakaza

Nao ni wa rangi iliyoyeyuka, lakini umetengenezwa makusudi ubaki mbichi muda mrefu zaidi na ucheze na maji. Unaojulikana zaidi ni Distress Ink, uliobuniwa na Tim Holtz kwa kampuni ya Ranger ya Marekani. Kahawia zake, kama Vintage Photo na Walnut Stain, ndizo nimeziona kwenye kadi za kiume kuliko rangi nyingine yoyote.

Mstari: hapa ndipo penye udhaifu. Kwa muhuri wenye maandishi madogo au nyuzi nyembamba, mstari huwa laini, hauna makali ya kukata. Kwa muhuri wenye umbo zima, kama kivuli cha meli au sharubu, hutoa madoadoa ya asili yanayofanana na uchapaji wa zamani, na mimi nayapenda.

Maji na rangi: maji ndiyo chakula chake. Hutaupaka rangi za maji juu ya mchapo wake ukategemea mstari ubaki. Badala yake unatumia maji kama chombo. Paka wino kwenye kipande kizima, chovya vidole kwenye maji, nyunyiza matone machache. Subiri. Usiguse kwa sekunde kumi au kumi na tano. Tone litakaa limetuna, na chini yake rangi inaanza kujitenga na karatasi. Kisha weka kitambaa kikavu juu, bonyeza, inua bila kuburuta. Kila tone limeacha duara lililopauka lenye ukingo mweusi zaidi kidogo, kama alama ya unyevu uliokauka kwenye barua iliyosahaulika. Kila nikiinua kitambaa napata furaha ileile, kwa sababu hakuna madoa mawili yanayofanana.

Kukauka: polepole kuliko wino mwepesi. Ukiwa na haraka, pitisha hewa ya moto. Ubichi wake unatosha pia kushika unga wa kutunisha, yaani ule unga laini unaomwagwa juu ya mchapo na kuyeyushwa kwa joto hadi mchapo unainuka, mradi umwage mara moja.

Uzee: hapa ndipo unapotamba. Gusa sponji kwenye pedi, anza kusugua nje ya karatasi, juu ya mkeka, kisha ingia ndani kwa miduara midogo yenye mkono mwepesi. Ukianza moja kwa moja juu ya karatasi, sponji itaacha doa zito usiloweza kuliondoa. Tumia kahawia nyepesi kwanza hadi sentimita mbili ndani, halafu kahawia nzito kwenye ukingo wenyewe tu, na kwenye pembe, kwa kuwa pembe ndizo zinazoshikwa na vidole.

Usafi na kudumu: husafishwa kwa maji. Mwanga mkali huufubaza, na tone la mvua kwenye kadi iliyokamilika litaacha alama. Mweke mpokeaji akilini: kadi itakayopitia posta katika msimu wa mvua iwe kwenye bahasha nzuri.

Tangu 2017 kuna ndugu yake anayeitwa Distress Oxide, aliyechanganywa na pigmenti, yaani chembe za rangi zisizoyeyuka. Ukiunyunyizia maji hutoa ukungu wa chaki, kama chuma kilichoanza kupata kutu. Kwa mandhari ya gia, karakana na magari ya zamani unafaa sana. Kwa sura ya karatasi kuukuu bado nashika ule wa kwanza.

Unamfaa anayetaka kadi nzima ionekane ya kale, mandhari pamoja na kingo, wala hajali mstari kuwa na ulaini.

Wino wa pigmenti

Humu rangi haijayeyuka. Ni chembechembe ndogo mno zinazoelea, na zikifika kwenye karatasi hukaa juu badala ya kuzama.

Mstari: mzito, wenye rangi iliyoshiba. Baadhi ya wino wa kundi hili, kama VersaFine wenye asili ya mafuta, unasifika kwa kutoa nywele za mstari mwembamba ambazo wino mwingine huzipoteza. Kwa saa iliyofunguliwa yenye gia ishirini ndani, nauchukua huo bila kufikiri mara mbili.

Maji na rangi: inategemea pedi na jinsi ulivyokauka. Ukiutunisha kwa unga na joto, maji hayauwezi tena. Unaweza kupaka rangi ya maji ndani ya mistari iliyoinuka kama unamwaga maji kwenye sahani.

Kukauka: hapa inabidi uwe mvumilivu. Pedi za kawaida za pigmenti huchukua muda mrefu, na kwenye karatasi inayong'aa zinaweza zisikauke kabisa bila joto. Kidole kimoja kikipita mapema kimeharibu kadi.

Uzee: una jambo moja ambalo wengine hawaliwezi, nalo ni kugonga rangi nyepesi juu ya karatasi nyeusi. Wino mweupe wa pigmenti juu ya manila ya kahawia iliyoiva au ya buluu ya usiku hufanana na maandishi ya chaki, au ramani za ujenzi za zamani zenye mistari myeupe. Kadi ya fundi, mhandisi au baharia ikitengenezwa hivi haihitaji kitu kingine. Kwa kusugua kingo, hata hivyo, chembe zake hukaa juu na kuleta ukungu mzito. Tumia kidogo sana.

Usafi na kudumu: rangi yake huvumilia mwanga kuliko ya wino mwepesi. Kusafisha muhuri kunataka kazi zaidi kidogo, hasa ule wa mafuta. Na kama unatumia mihuri ya plastiki angavu, kwanza sugua uso wake kwa kifutio kidogo kabla ya matumizi ya mara ya kwanza. Mihuri mipya hukataa wino na mchapo hutoka na vitone vitone.

Unamfaa anayetumia karatasi za giza, anayetunisha kwa unga, na anayetengeneza kadi ya kuwekwa kwenye fremu.

Wino wa kudumu usioogopa maji

Archival Ink ya Ranger ni mfano unaopatikana kirahisi. Ukikauka kwenye karatasi ya kawaida, maji hayauondoi.

Mstari: mkali, mweusi halisi, au kahawia nzito ukiitaka. Si mnene.

Maji na rangi: hii ndiyo sababu ya kuwa nao. Kadi ya Krismasi inayohesabiwa kuwa ya kwanza kuuzwa, ile aliyoiagiza Henry Cole huko London mwaka 1843 na kuchorwa na John Callcott Horsley, ilichapwa mistari kwanza kisha ikapakwa rangi kwa mkono. Mstari kwanza, rangi baadaye: sura hiyo ya rangi ya maji iliyopauka kidogo, ikitoka nje ya mstari hapa na pale, ndiyo macho yetu yanaitambua kuwa ya zamani, na kuipata kunataka mstari usiotikisika. Angalizo moja: kalamu za spiriti zinaweza kuuburuta wino huu. Usioogopa maji si lazima uwe hauogopi spiriti.

Kukauka: upe dakika kadhaa, au hewa ya moto kidogo, kabla ya brashi. Kuguswa mapema ndiyo sababu ya wengi kuulaumu bure.

Uzee: wenyewe hauna ulaini wa kuchakaza, kwa hiyo hausuguliki vizuri kwenye kingo. Lakini unavumilia kila uzee utakaoletwa juu yake. Gonga kwanza, acha ukauke, kisha sugua wino wa kuchakaza na kunyunyizia maji juu. Mandhari itayeyuka na kujitenga huku picha ikibaki imesimama palepale.

Usafi na kudumu: unatia doa muhuri, hasa wa plastiki angavu. Doa haliharibu kazi, ila maji peke yake hayatoshi kuondoa wino wenyewe. Tafuta kisafishio chake. Usiuchanganye na StazOn, ambao umekusudiwa vioo, chuma na plastiki; huo una kemikali kali zaidi na kwenye karatasi ya kadi hauhitajiki.

Unamfaa anayepaka rangi za maji, na yule anayependa kurundika tabaka juu ya tabaka.

Uchague kulingana na hali yako

Kama una bajeti ya pedi moja na hutapaka chochote juu ya mchapo, chukua wino mwepesi wa kahawia nzito badala ya nyeusi. Kahawia peke yake itafanya nusu ya kazi ya uzee, na nusu nyingine utaipata kwa mchapo wa pili uliofifia.

Kama una nafasi ya pedi mbili, kudumu mweusi na kuchakaza wa kahawia vinasaidiana kuliko jozi yoyote niliyojaribu. Mwenye kupaka kwa kalamu za spiriti abadili wa kwanza achukue wino mwepesi unaovumilia spiriti, akumbuke tu kutonyunyizia maji karibu na picha.

Kadi ya haraka, inayotakiwa leo jioni: wino mwepesi. Usijaribu pigmenti ukiwa na saa moja mkononi.

Kadi ya babu au baba atakayeiweka sebuleni kwenye mwanga mwaka mzima: pigmenti, au wa kudumu kwa mistari. Kingo zilizosuguliwa kwa wino wa kuchakaza zitapauka kidogo, na kwa kadi ya mtindo huu hilo halidhuru, kwa sababu uandishi na picha vitabaki.

Kadi ya mtu asiyependa mapambo kabisa: karatasi ya giza, mchapo mmoja mweupe wa pigmenti katikati, jina lake chini. Acha nafasi tupu pande zote wala usisugue kingo.

Kadi yenye muhuri wa mistari myembamba sana, kama ramani au saa iliyofunguliwa: pigmenti ya mafuta au wa kudumu, kwenye karatasi laini kabisa. Weka tabaka la karatasi tatu au nne chini ya kadi kabla ya kugonga, ubonyeze kwa kiganja bila kutikisa, kisha uinue muhuri wima. Na kabla ya kuleta brashi, chukua mchapo wa majaribio uliokauka kwenye kipande kilichobaki, pitisha tone la maji juu ya mstari na uhesabu hadi kumi.